Nilisimama Kanisani Kuwaomba Wafute Apu Yangu

Aliyekosa gazeti la wiki jana nitamshika mkono, hatapotea. Mimi ni Duke Onyancha, mtoto wa mchuma chai. Nilizaliwa katika nyumba za wafanyakazi za shamba moja nje ya Kericho, nikachuma majani hapo hapo mpaka mashine za kuvuna zilipoletwa na sisi tukaambiwa twende nyumbani. Nikajifunza kuandika programu za simu bila mwalimu, ndani ya kibanda cha kutengeneza simu pale Kapsoit. Kibanda kikaungua. Ndipo Chepkosgei, mama anayeuza dawa za mifugo sokoni Ndanai, akanipa kona ya duka lake na kazi: niandike programu ya kumwambia mfugaji achanganye dawa ya kupe kiasi gani.

Niliiandika. Ikapendwa. Kwa mara ya kwanza tangu chai initupe, nilijiona mtu.

Wiki jana niliishia kwenye machweo ya Jumamosi. Sisi Wasabato huzima simu Ijumaa jua linapotua na kuziwasha Jumamosi likitua tena. Niliwasha yangu, na kabla sijaiweka mezani ikaita. Alikuwa Mzee Alexander, mwenyekiti wa kikundi cha kunyunyizia ng'ombe dawa kule bondeni kando ya mto. Hakunisalimu. Alisema neno moja, "Njoo," akakata.

Mke wangu, Mellen, aliniuliza kama kuna mtu amekufa. Nilimwambia sijui, nikatoka.

Ng'ombe wa kwanza nilimkuta langoni. Alikuwa amelala ubavu, miguu imenyooka, povu mdomoni. Wa pili alikuwa karibu na krashi, ile njia nyembamba ya fito ambamo ng'ombe hupangwa mmoja nyuma ya mwingine wakinyunyiziwa. Wengine walikuwa bado wamesimama, lakini wakitetemeka, na mate yakiwachuruzika hadi chini.

Niliwasalimu wanaume wa kikundi. "Chamgei." Hakuna aliyeitikia. Mimi ni Mkisii, nimeishi kati ya Wakipsigis maisha yangu yote, wamenitania kwa ndizi nami nimewatania kwa maziwa ya mursik, lakini salamu yangu haikuwahi kuanguka chini namna ile.

Mzee Alexander alikuwa amekalia mkebe wa maziwa uliopinduliwa. Ana sauti ya chini, kama mimi. Nadhani ndiyo maana tulipatana tangu mwanzo.

"Kijana wangu," alisema, "ulituambia tuache kupima na macho."

"Ndiyo, mzee."

"Tukaacha."

Akaninyooshea simu yake. Apu yangu ilikuwa imefunguliwa, na kipimo kimeandikwa pale kwa herufi kubwa, jinsi nilivyozitaka herufi ziwe kubwa ili wazee wasihangaike. Nilisoma. Nikasoma tena.

Kilikuwa kipimo cha dawa ya zamani.

Wiki hiyo dawa ya zamani ilikuwa imekwisha kwa wasambazaji. Chepkosgei aliletewa mpya, jina lile lile, rangi ile ile, ila ilikuwa kali mara kadhaa kupita ile ya kwanza, kwa kuwa imetengenezewa majosho makubwa. Lebo yake ilisema uweke kidogo sana. Alinionyesha Ijumaa asubuhi. Nilibadilisha kipimo, nikakijaribu, nikakijaribu tena, nikapeleka toleo jipya kwenye duka la apu mtandaoni. Kabla ya jua kutua nilikuwa nimeshaona limekubaliwa. Nilizima simu nikaenda kuoga, nikaimba na watoto, nikalala bila wasiwasi.

Sasa nilikuwa nimeshika simu ambayo haikuwa na habari ya yote hayo.

Nilimuuliza mzee apu hiyo aliipata wapi. Aliyejibu alikuwa mwanawe mdogo, Kiplimo.

"Weldon ndiye alitupatia. Sisi wote. Tukitoka kanisa tunasimama hapo kwa ua, anaturushia simu kwa simu. Bando ya nini na kitu iko kwa jirani?"

Weldon ni kaka yake mkubwa, ndiye mnyunyiziaji wa kikundi.

Na mimi nilijua. Nilikuwa nimewaona Jumapili moja wakirushiana, vichwa vimeinamiana, wakicheka, nikapita na baiskeli yangu nikitabasamu. Nilisema moyoni: kazi yangu inatembea yenyewe.

Ilikuwa inatembea, lakini haikuwa na njia ya kurudi. Apu iliyotolewa dukani kwake huuliza huko mara kwa mara kama kuna jipya. Nakala iliyorushwa simu kwa simu haiulizi popote. Ijumaa nilirekebisha apu moja. Zile zilizoenea bondeni kote zilikuwa nyingine kabisa, na sikuwa na uwezo wa kuifikia hata moja.

Nilikuwa nimeonywa. Hilo lazima niliseme, ingawa sitapata faraja kwa kulisema.

Mwanzoni kabisa, kabla sijaandika chochote, tulibishana na Chepkosgei siku kadhaa. Yeye hakusoma mambo ya kompyuta, lakini ana ubao wa chaki pale mlangoni kwake, unaoonyesha dawa zilizopo. Alitaka programu iwe kama ubao huo. Ikae mahali pamoja, kwenye mtandao, na mtu akitaka kipimo aifungue kama anavyofungua gazeti kwenye simu.

"Nikifuta nikiandika upya," alisema, "kila anayepita anasoma ya leo. Hakuna anayebaki na ya jana."

Mimi nilitaka apu ya kukaa ndani ya simu. Nilikuwa na sababu, na sikuzitunga. Bondeni hakuna mtandao. Krashi ziko chini kabisa kwa kuwa maji yako huko, na simu hushika juu mgongoni mwa mlima tu, mvua ya mawe ikipiga hata huko haishiki. Nilimuuliza: mtu ameshapanga ng'ombe, pampu iko mgongoni, apande mlima mzima kutafuta mtandao?

"Apande," alisema. "Akipanda atafika na jibu la leo."

Nikamwambia hatapanda. Atakadiria kwa macho, kama zamani, na kadirio ndilo tunalopigana nalo. Alikubali kwa kichwa, maana hilo pia lilikuwa kweli.

Kisha akaniuliza jambo ambalo hadi leo nalisikia nikifumba macho. "Basi ipe siku ya kufa. Kila chupa hapa iko na tarehe. Ikipita, mtu anatupa. Mbona hiyo yako iishi milele?"

Ningeweza. Ni kazi ndogo sana. Nilimwambia watu wataichukia ikiwafia katikati ya kazi. Akasema, "Wewe ndiye fundi," akarudi kwa wateja wake.

Nimerudi bondeni sasa. Niliuliza, "Weldon mwenyewe yuko wapi?"

Mzee Alexander akasimama kutoka kwenye mkebe wake. "Twende umwone," alisema. "Nilikuita kwa sababu yake. Ng'ombe ningekuambia kesho."

Weldon alikuwa zahanati, kilima cha pili. Walikuwa wamemvua nguo na kumwogesha kwa sabuni, lakini jasho lilimtoka kama mtu aliye mvuani, na mate hayakukauka mdomoni. Huyu ni kijana wa kubeba gunia la mahindi kwa mkono mmoja. Aligeuza shingo aliposikia nyayo zetu.

"Baba, mbona mnakaa gizani?" alisema. "Si muwashe taa."

Taa ilikuwa inawaka juu ya kichwa chake.

Muuguzi alitutoa nje. Alituambia kwamba sumu hii hupita kwenye ngozi, haingoji mtu ainywe. Hufunga mboni ya jicho hadi iwe kama tundu la sindano, ndiyo maana kwa Weldon hata taa inayowaka ni giza. Akatuuliza kama alivaa glavu. Mzee alitikisa kichwa. Nani huvaa glavu?

"Mtu akinyunyiza halafu aseme kumeingia giza," alisema muuguzi, "msimwache aketi apumzike. Mkimbizeni hospitali. Akiketi, anaweza asisimame."

Gari la kumpeleka hospitali kubwa lilikuwa limeshaitwa. Mzee alipanda naye. Kabla mlango haujafungwa aliniambia, bila hasira, "Duke, angalia hao wengine."

Hao wengine. Ndipo nilipoelewa nilichoachiwa.

Chepkosgei alikuwa amefika, yuko nje ya zahanati na kitambaa cha kichwa mkononi. Nilimuuliza ni nani mwingine aliyenunua dawa mpya. Akasema ni vikundi vyote vya ng'ambo ya mto, na wao hunyunyizia Jumatatu. Nikamuuliza kama walisoma lebo.

"Lebo gani, Duke?" alisema polepole. "Mimi hupimia kwa chupa ya soda. Wewe unajua."

Nilijua. Mkebe mzima ni wa watu wa majosho. Mtu mwenye ng'ombe wachache hununua kidogo, kwenye chupa ya soda iliyooshwa, na lebo hubaki dukani kwenye mkebe mkubwa. Ijumaa hiyo hiyo alikuwa amenipimia hata mimi, chupa moja ya ng'ombe wa mama yangu kule Borabu, ng'ambo ya mpaka wa Wakipsigis na sisi Wakisii. Nilimpa mtu wa pikipiki aipeleke, na nikamwambia mama asiiguse, nitakuja Jumapili ninyunyize mwenyewe.

"Nikiwauzia niliwaambia wafuate simu," Chepkosgei alisema. "Ulisema umeshabadilisha."

"Nilibadilisha."

"Najua ulibadilisha."

Mtu mwingine angenikumbusha ubao wake wa chaki. Yeye alifunga kitambaa chake kichwani akasema kesho ni Jumapili, na bonde lote litakuwa kanisani, pande zote mbili za mto. Tukiwakuta pale, Jumatatu hakuna atakayenyunyiza.

Asubuhi nilipita nyumbani kubadilisha shati. Mellen aliuliza. Nilimwambia kuna ng'ombe wagonjwa bondeni na Weldon amelazwa. Sikumwambia kuhusu apu. Mimi ni mtu wa kusema nikishakuwa na hakika, na nilitaka kwanza nijue ukubwa wa jambo. Nilimwambia tu ampigie mama, amweleze kwamba leo sitafika, nitakuja Jumanne.

"Nitampigia," alisema. "Kunywa chai kwanza."

Sikunywa.

Mchungaji wa kanisa la bondeni ni mtu wa mzaha, na hata siku ile alijaribu. Aliwaambia waumini, "Leo Msabato ametutembelea Jumapili. Mkiona hivyo jueni kuna neno." Watu wakacheka kidogo. Kisha wakaniona uso, wakaacha.

Sikuwahi kusimama mbele ya watu wengi. Nilieleza kama ninavyowaeleza ninyi, jambo baada ya jambo. Kwamba dawa imebadilika. Kwamba apu iliyo mikononi mwao haijui hivyo na haitajua kamwe. Kwamba niliichagua mimi iwe hivyo. Niliwaomba watoe simu, kila mmoja, waifute hapo hapo, na dawa yoyote ya kupe waliyo nayo kwenye chupa ya soda wairudishe dukani.

Nilingoja kuona mikono ikiingia mifukoni. Haikuingia.

Kiplimo alisimama nyuma. Macho yalikuwa mekundu. Alikuwa amemfuata ndugu yake hospitali, akakesha huko, amerudi alfajiri.

"Asifute mtu," alisema. "Ndugu yangu anapumua na mashine. Ng'ombe za watu zimelala huko. Sasa huyu anataka tufute, na kesho aseme apu yake haikuwa na shida. Atatuuliza, iko wapi? Tutamwonyesha nini?"

Kanisa likaguna. Mtu mmoja upande wa wanaume akasema, "Mkisii amekuja kusafisha nyayo."

Sikukasirika. Ningekuwa Kiplimo ningesema hayo hayo. Na alikuwa na haki: wakifuta, ushahidi umekwenda. Wasipofuta, kesho kuna Weldon wengine. Nilisimama pale nikizipima hizo mbili. Benchi la mbele mama mmoja akaanza kufunga simu yake kwenye leso, kuihifadhi.

Chepkosgei akaja mbele. Hakuitwa.

"Mnataka ushahidi," alisema. "Mimi hapa. Dawa niliuza mimi. Kwa chupa ya soda, bila lebo, na sheria inakataza, na nilikuwa najua. Kesho nitaenda mwenyewe kwa ofisi ya mifugo niseme. Duka wafunge. Lakini kama kuna mtu atanyunyiza kesho kwa sababu ana hasira na Duke, huyo mtu atazikwa na hasira yake. Kiplimo, uliona macho ya Weldon?"

Kiplimo aliinamisha kichwa.

"Uliona?"

"Niliona, mama."

Wakati huo mlango wa nyuma ulifunguka, akaingia Mzee Alexander. Alikuwa bado na shati la jana. Watu walimtazama ili wasome usoni kama Weldon yuko hai, na uso haukuwaambia kitu, mpaka aliposema, "Bado anapumua." Alikuwa amesikia kutoka nje. Akatoa simu yake, akaifunga kwenye kitambaa, akaitia mfuko wa ndani wa koti.

"Yangu itabaki hivyo ilivyo," alisema. "Serikali ikiuliza, iko moja. Hizo zingine zifutwe."

Ndipo mikono ikaingia mifukoni.

Vijana walifuta wenyewe. Kina mama na wazee walinipa simu mkononi, nikakaa kwenye ngazi ya madhabahu nikifuta. Zilikuwa za kila namna: zilizofungwa raba, zilizopasuka kioo, moja ina picha ya ndama. Kila moja iliniuliza kama nina hakika. Nilibonyeza ndiyo, nikaipokea nyingine. Mama yule wa leso alikuwa wa mwisho. Alinishukuru, "Kongoi, kijana," kana kwamba nimemfanyia jambo jema, na hapo ndipo machozi yalipotaka kunitoka.

Ilipokwisha, Mzee Alexander alinikuta nje kwenye ua. Ule ule ua wa kurushiana. Aliniuliza, kama mtu anayetaka tu kusogeza muda:

"Nyinyi watu wa Jumamosi, ng'ombe huwa mnanyunyizia siku gani?"

"Jumapili, mzee."

"Leo, basi."

"Leo."

"Na hiyo kitu haijavuka mpaka?"

Nilimwambia haijavuka. Upande wa kwetu hawakuwahi kuisikia, nilikuwa sijaipeleka. Wa kwangu kule ni mama tu, na mama ana simu ya kubonyeza, ya kupokea na kupiga. Nilisema hivyo nikiwa na hakika kabisa. Nilikuwa nimehesabu siku za Wakipsigis zote. Siku za watu wangu mwenyewe hazikuwa zimenijia akilini hata mara moja.

Hata hivyo nilipanda mlima. Nilitaka tu kusikia sauti ya Mellen, na pale bondeni, kama nilivyosema, hakuna mtandao.

Nilimpata mara moja. Nikamwambia tumemaliza, watu wamefuta. Akauliza wamefuta nini. Hapo ndipo nikamweleza yote, dawa, kipimo, Weldon, nakala zinazorushwa. Nilieleza kwa mpango, sikuacha kitu. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, na Mellen si mtu wa kunyamaza hivyo.

"Duke," alisema. "Ile simu yangu ya zamani."

"Ipi?"

"Ile ya kioo kilichopasuka. Nilimwachia mama tulipoenda Krismasi, atazame picha za watoto. Haina laini. Apu yako iko ndani. Nilimfundisha kuifungua, nilitaka aone kazi ya mtoto wake."

Nilimwambia haina shida, mama hagusi mambo ya dawa bila mimi.

"Nilimpigia asubuhi kama ulivyosema," Mellen aliendelea, na sauti yake ilikuwa imeanza kukatika. "Nikamwambia utakuja Jumanne. Akasema kwa nini akungoje, kupe wanamaliza ng'ombe. Akasema simu si inajua kipimo. Nikacheka. Nikamwambia ndiyo, mama, inajua. Duke, wewe hukuniambia kitu."

Apu yangu haihitaji laini. Haihitaji bando. Haihitaji mlingoti wa simu wala mlima wa kupanda. Niliijenga hivyo kwa mikono yangu, ifanye kazi mahali popote, kwa mtu yeyote, hata kama dunia nzima imezimika.

Nilikata, nikampigia mama kwenye simu yake ya kubonyeza. Iliita. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Nilikuwa nazunguka pale juu kama kuku, nikiinua simu kichwani, nikiishusha.

Akapokea.

"Baba," alisema. Mama huniita baba, kwa kuwa nimebeba jina la baba yake. "Usijisumbue kuja Jumanne. Nimemaliza sasa hivi."

"Ulipima na nini, mama?"

"Na simu yako, na nini? Nilifuata vile ilisema. Sikuongeza, sikupunguza."

"Ulivaa kitu mkononi?"

Akacheka. Kicheko kilikuwa na mate ndani yake. "Mikono hii imechuma chai ya wazungu na ya Waafrika. Itaogopa maji ya ng'ombe?"

Naijua mikono hiyo. Vidole vimepasuka tangu ujana, mipasuko ambayo haijawahi kufunga hata baada ya kuacha chai.

Nilijaribu kusema polepole. Nilimwambia atoke hapo alipo, avue nguo, ajimwagie maji na sabuni, aite jirani, aite mtu yeyote mwenye pikipiki.

"Wewe nawe. Wacha nipumzike kwanza," alisema. "Nimeketi hapa kwa jiwe, karibu na ng'ombe. Naye amelala, leo tumechoka wote wawili." Akavuta pumzi, na pumzi ilichukua muda kufika. "Baba, huko kwenu mvua inakuja? Hapa mawingu yamefunga. Kumekuwa giza kabisa."

Niliinua macho. Kutoka pale mlimani milima ya Borabu huonekana yote, mashamba ya chai na mabati ya nyumba moja moja. Jua lilikuwa utosini, na mabati yalikuwa yanang'aa.